Kuseti tapeti za injini ya CG bila kuunguza valvu

Pikipiki yangu ni ya Kichina, cc 125, injini yake imeigwa kutoka CG125 ya Honda, na kazi yake ni moja: kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto na kushuka na magunia ya karoti na kabichi. Ni kilomita 30 na ushei za lami, kona juu ya kona. Unaanzia chini kwenye joto la mashamba ya mkonge, unafika juu unatafuta koti. Injini ndogo inaipanda njia hiyo kwa gia ya pili na ya tatu, na chochote kisichokaa sawa kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, kinajitangaza kabla hujafika Soni, katikati ya njia.

Mwaka juzi tapeti zangu, yaani skrubu za kurekebisha nafasi juu ya valvu, zilikuwa zinagonga, tik-tik-tik, kama cherehani. Nikampelekea fundi. Akafungua kifuniko cha juu injini ikiwa bado ya moto, akakaza skrubu kwa hisia ya vidole, akapiga kiki. Kimya kabisa. "Sikia hiyo, kaka. Kama imetoka dukani leo." Nikalipa, nikaondoka na furaha yangu.

Wiki ya tatu ikaanza kukataa kuwaka asubuhi. Kiki ilikuwa inashuka laini, kama unakanyaga godoro. Wiki ya tano ikazimika kona za juu ya Soni nikiwa na abiria, na haikuwaka tena. Hedi ilipofunguliwa Korogwe, mzee aliyeifungua alinipa mkononi valvu ya ekzosi, ule mlango mdogo wa kutolea moshi, bila kusema neno. Ukingo wake ulikuwa umemeguka kipande kidogo, kama mdomo wa kikombe cha udongo kilichogongwa kwenye jiwe, na kuanzia pale kwenye pengo kulikuwa na mfereji mweupe uliochimbwa na moto. Nikaigeuza mara mbili tatu. Ndipo akasema, "Mdogo wangu, hii haikufa kwa kelele. Imekufa kwa ukimya."

Tangu siku hiyo naseti tapeti zangu mwenyewe, na hapa naandika kila kitu ninachofanya, kwa sababu naona pikipiki nyingi zinauawa kwa njia hiyohiyo.

Sababu yake iko hivi. Valvu ya ekzosi inaogeshwa na moshi wa moto kila mzunguko, na haina njia kubwa ya kupoa isipokuwa pale inapofunga na kukaa kwenye siti yake. Joto linahama kutoka ukingo wa valvu kwenda kwenye siti, kutoka siti kwenda kwenye hedi, kutoka hedi kwenda kwenye mapezi na upepo. Tapeti ikikazwa mno, roka, yaani mkono mdogo unaoifungua valvu, inaikandamiza kidogo tu, isifunge sawasawa. Joto linakosa pa kwenda, na moshi wa moto unapenya kwenye ufa mwembamba kama nywele. Baada ya hapo ni suala la siku tu. Tapeti ikilegea kupita kiasi, nayo ina hasara yake: valvu inafunguka kidogo kuliko inavyotakiwa, nguvu inapungua, roka na ncha ya valvu vinapigana. Lakini ya kulegea inakupigia kelele uisikie. Ya kubana haikuambii kitu.

Sasa ujue kwanza injini yako ni ipi. Honda walitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya watu wa kazi, wenye njia mbovu na wasio na muda wa matengenezo. Badala ya kuweka kemu, ile shafti yenye nundu inayoendesha valvu, juu kwenye hedi na cheni ya kuizungusha, waliiweka chini, ikawa inasukuma fito mbili za chuma, yaani pushirodi, nazo zinainua roka. Viwanda vya China vikaiga muundo huo, na leo umejaa vijiweni kwetu kwa majina ya kila aina. Namba iliyogongwa kwenye injini inasomeka hivi: 156FMI maana yake silinda 1, kipenyo milimita 56, inapozwa na upepo, ya pikipiki, daraja la cc 125. 162FMJ ni ya cc 150, kipenyo 62. Ila namba haikwambii kemu iko wapi. Ukifungua kifuniko cha juu ukaona ncha za fito mbili zikitoka chini kusukuma roka, hiyo ni CG, na vipimo ninavyotoa hapa ni vyake. Boxer na TVS zina kemu juu, kwa hiyo tumia vipimo vya kitabu chake.

Vifaa si vingi: spana za bolti za kifuniko, spana ndogo ya nati ya roka (kwangu ni namba 9), plaizi ndogo au ufunguo wa kushika kichwa cha mraba cha skrubu, spana ya plagi, kitambaa safi, na fila geji, yaani majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi. Hiyo ya mwisho usiikwepe. Wapo wanaotumia karatasi ya daftari, lakini karatasi ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.1, na inabonyea ukiikaza. Fila geji ni chuma, haibonyei, na utakaa nayo miaka.

Kipimo cha CG ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Neno "baridi" ndilo fundi wangu wa kwanza alilolipuuza. Injini ikipata moto kila chuma kinatanuka kwa kiasi chake, valvu kivyake, silinda kivyake, pushirodi kivyake, na nafasi uliyopima haifanani tena na ile iliyoandikwa. Vitabu vya Honda vinataka injini iwe chini ya nyuzi 35. Kwa Mombo ya mwezi wa pili, saa nane mchana hata pikipiki ambayo haijawashwa inaweza kuvuka hapo. Mimi nafanya alfajiri, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, kabla ya chai.

Anza kwa kuosha. Sehemu ya juu ya injini ina vumbi na oili iliyoganda, na ukifungua kifuniko bila kuisafisha, mchanga unaingia moja kwa moja kwenye roka. Piga brashi, futa, halafu ndipo ufungue. Toa na plagi, injini izunguke bila kukushindania.

Hatua inayowapotosha wengi ni ya kutafuta pistoni iwe juu. Fungua kifuniko cha kushoto cha magineti (gurudumu la sumaku linalozunguka na injini), au vizibo vyake kama injini yako inavyo. Kwenye magineti kuna alama ya T, na kwenye bodi ya injini kuna alama ya kuilinganisha nayo. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka gia ya mwisho, zungusha tairi la nyuma taratibu kwenda mbele mpaka T ikae sawa na alama. Lakini pistoni inafika juu mara mbili katika mzunguko mzima wa kazi: mara moja ikikandamiza mchanganyiko, mara nyingine ikitoa moshi. Unayoitaka ni ile ya kukandamiza, valvu zote zikiwa zimefungwa. Shika roka moja moja kwa vidole, uitikise juu na chini. Zote mbili zikicheza kidogo, uko mahali pake. Moja ikiwa imebana kama imepigwa misumari, zungusha tena magineti duara moja kamili mpaka T irudi, kisha tikisa upya. Mtu akiseti kwenye T isiyo yake anaharibu kuliko alivyokuta.

Na kama ni T sahihi, ila roka ya ekzosi bado haichezi hata kidogo? Basi umeupata ugonjwa wenyewe, na umeupata mapema.

Ya nyuma, upande wa kabureta, ni valvu ya kuingiza. Ya mbele ni ya ekzosi. Pitisha jani la 0.08 kati ya skrubu ya roka na ncha ya valvu. Linatakiwa lipite kwa kusuguana kidogo, kama unavuta noti iliyobanwa kati ya kurasa za kitabu kizito. Lisipopita, au likipita bila kugusa kitu, shika skrubu kwa plaizi, legeza nati nusu mzunguko tu, rekebisha, halafu kaza nati huku skrubu umeishikilia isizunguke. Usiifungue skrubu sana, pushirodi inaweza kuteleza kutoka kwenye kikombe chake. Ukishakaza, pima tena. Hili nalisisitiza kwa sababu nati inapokaza huvuta skrubu kidogo, na nafasi uliyoipata vizuri inapotea mbele ya macho yako. Mimi huwa narudia mara tatu, wakati mwingine nne, na sioni aibu.

Kama seti yako ya fila geji haina jani la 0.08, tumia mawili: la 0.05 lipite bila shida, la 0.10 likatae. Ukipata hivyo, uko karibu kabisa na kipimo. Kwa upande wa ekzosi mimi naiachia ikaribie 0.10, kwa kuwa pikipiki yangu inashinda mlimani na mzigo. Inagonga kidogo zaidi ya ya jirani yangu. Naipenda ile sauti.

Rudisha plagi na vifuniko, hakikisha raba ya kifuniko cha juu haijapasuka, washa. Utasikia mlio mwepesi wa chuma, wa mpangilio, unaofuata mzunguko wa injini. Huo ni wa kawaida kwa injini ya pushirodi. Ukisikia kugonga kuzito, kwa chini, kunakoongezeka ukiipa mzigo, hiyo si tapeti, na kukaza tapeti hakutakusaidia.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi nikiwaambia. Siti ya valvu ikilika, valvu inazama ndani ya hedi, na ikizama, ncha yake ya juu inaisogelea roka. Maana yake nafasi inapungua yenyewe bila mtu kugusa. Kwa hiyo pikipiki iliyokuwa inagonga, halafu ikanyamaza yenyewe, ndiyo ya kufunguliwa haraka, siyo ya kusifiwa. Ndiyo maana siwi na imani na pikipiki ya mtumba inayouzwa kwa sifa ya "injini kimya". Nikienda kuitazama, naomba niikute baridi, nabonyeza kiki kwa mkono taratibu. Ikinigomea mahali fulani kisha ikaachia, kompresheni ipo. Ikishuka tu, naaga.

Ukichelewa, na kiki imeshalainika, kuseti peke yake hakutoshi. Hedi itafunguliwa, itamwagwa petroli kidogo kwenye tundu la ekzosi, na ikivuja kupitia valvu utaiona. Kama ukingo umechakaa kidogo, fundi ataisaga kwa pesti mpaka ikae. Kama umemeguka kama wa kwangu, nunua valvu mpya. Kusaga valvu iliyoungua ni kupoteza siku.

Vijana wengi wanaokuja kijiweni wanataka mwendo. Wanatoboa ekzosi, wanaondoa chujio la hewa, wanabadilisha sproketi ili waruke kwenye ile lami iliyonyooka ya kuelekea Same. Nawaelewa, na mimi napenda pikipiki inayovuta. Lakini ukifungua hewa zaidi bila kubadilisha jeti ya kabureta, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli kidogo, joto linapanda, na linalopokea joto hilo ni ukingo uleule wa valvu. Nawaambia tuseti tapeti kwanza, tupime kompresheni kwa mguu, halafu wakaijaribu. Wengi wanarudi wakisema nguvu waliyokuwa wanaitafuta dukani ilikuwa humohumo ndani.

Oili nabadilisha kila kilomita 1,000, na kila oili ya tatu naseti tapeti. Ndani ya kifuniko cha boksi la vifaa nimebandika karatasi: tarehe, kilomita, nafasi niliyoikuta ya kuingiza, nafasi niliyoikuta ya ekzosi. Naandika niliyoikuta kabla sijagusa kitu. Mara tatu za mwisho ekzosi imesoma 0.10, 0.09, 0.08. Safari ijayo nikiikuta 0.06, nitafungua hedi kabla sijaipandisha tena Soni.