Rangi ya ekzosi: ishike, isibanduke

Rangi ya kawaida ya bodi ukiipaka kwenye ekzosi huungua na kuwa unga, kutu ikarudi palepale. Inayotakiwa ni rangi ya silikoni ya kuhimili joto. Kabla ya kulipa, Kariakoo au Gerezani, soma namba ya joto kwenye kopo. Manifoldi (kipande kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda) ya injini ya petroli ikibeba mzigo hupita nyuzi 600 za Selsiasi, ilhali mtungi wa nyuma, ule wa kupunguza kelele, huwa na joto dogo zaidi. Kopo la 650 linafaa kuanzia katikati kwenda nyuma; kwa manifoldi tafuta lenye seramiki, la nyuzi 1000 hivi. Likiwa na namba mbili, itegemee ile ndogo, maana kubwa ni ya joto la muda mfupi. Mililita 400 kwa kawaida zinatosha manifoldi ya silinda nne na bomba la mbele.

Fungua kipande chote. Ukipulizia kikiwa chini ya gari, upande wa juu hutaufikia, na maji hutuama huko. Bolti zilizoshika kutu zipulizie oili ya kulegeza usiku wa kuamkia kazi. Ukizilazimisha zitakatikia ndani, na hapo umejitafutia kazi nyingine.

Kusafisha ndiko kunakoamua kila kitu. Ondoa kutu kwa brashi ya waya ya kufunga kwenye grenda, kisha pitisha msasa namba 80 hadi 120 mpaka chuma kibaki kitupu chenye mikwaruzo. Anayepata mashine ya kupuliza mchanga aitumie, kwani hufika kwenye kona ambazo brashi haiingii. Bomba lililopakwa alumini kiwandani lisichunwe sana: lipitishie msasa mwepesi tu, ile alumini ndiyo kinga yake. Na kama kuna kiraka cha bomba la maji lililopakwa zinki, kitoe kabisa. Rangi haishiki vizuri kwenye zinki, na zinki ikichomewa hutoa moshi wenye madhara.

Futa kwa asetoni au tina safi (kiyeyusho cha rangi), kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Petroli na mafuta ya taa, vipenzi vya gereji nyingi, huacha utando wa mafuta unaoinua rangi ikipata moto. Kuanzia hapo shika kwa glavu. Plasta ya bodi, dawa ya kugeuza kutu na praima ya kawaida visiwe chini ya rangi hii: vitaungua na kuondoka nayo.

Chuma kitupu katika hewa ya Dar es Salaam, hasa Kigamboni au Msasani karibu na bahari, huanza kutu ndani ya saa chache. Safisha na kupuliza siku hiyohiyo, umande ukishakauka. Siku ya manyunyu ahirisha. Ziba nyuso za gasketi, nyuzi za bolti na tundu la sensa ya oksijeni.

Tikisa kopo dakika mbili baada ya gololi kuanza kulia. Puliza kutoka sentimita 25 hivi, tabaka tatu nyembamba, ukiacha dakika 10 kati yake. La kwanza liwe kama vumbi tu, chuma bado kikionekana. Anayetaka kumaliza kwa tabaka moja zito hufungia tina ndani. Joto likija tina huchemka na rangi huota malengelenge.

Kukauka kwa kugusa si kuiva. Maelekezo ya kopo yakitofautiana na haya, fuata ya kopo. Funga kipande siku inayofuata, egesha gari nje, washa injini dakika 10 bila kukanyaga mafuta, zima, iache ipoe kabisa. Washa dakika 20, ipoe tena. Kisha endesha taratibu dakika 30. Moshi na harufu kali hapo ni kawaida, ila usivivutie puani. Mtungi wa nyuma haupati joto la kutosha kwa njia hii, hivyo rangi yake hubaki laini kwa muda. Bora uchomwe kwenye oveni ya karakana, nyuzi 120, kisha 200, kisha 315, nusu saa kila hatua, ukipozwa katikati. Oveni ya kupikia isiguswe.

Ikibanduka kama magamba, kulikuwa na mafuta. Ikichubuka kwa ukucha, haijaiva. Ikibaki nyeupe kama majivu kwenye manifoldi peke yake, namba ya kopo ilikuwa ndogo: kwangua hapo mpaka chuma, upulize la seramiki.