Mchicha wa bondeni: madini tembo yako juu ya jani au ndani yake?

Mchicha uliomwagiliwa majitaka huwezi kuujua kwa macho. Unastawi vizuri, jani pana na la kijani, kwa kuwa majitaka yana naitrojeni tele. Madini tembo, yaani metali nzito zenye sumu kama risasi na kadimiamu, hayana harufu wala ladha. Kwa bustani kama zile za kando ya mto Msimbazi, Dar es Salaam, mto unaopokea maji ya viwandani na mitaani, jibu liko maabara tu. Lakini sampuli ikichukuliwa vibaya, hela ya maabara imekwenda bure.

Maji

Tumia chupa ya plastiki ya lita 1 iliyosuuzwa kwa asidi ya naitriki ya asilimia 10. Maabara nyingi hukupa chupa tayari ukiomba. Baada ya kujaza, tia mililita 2 za asidi ya naitriki kali ukiwa umevaa glavu. Bila asidi, madini hunata kwenye kuta za chupa, ukaletewa majibu kwamba maji ni safi. Usichote mara moja tu: chota asubuhi, jioni, na baada ya mvua, maana viwanda havimwagi maji yao kwa saa za ofisi.

Kikomo cha FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) kwa maji ya kumwagilia ni miligramu 0.01 za kadimiamu kwa lita, kromiamu 0.1, risasi 5. Hiyo 5 isikupumbaze. Iliwekwa kwa kuangalia afya ya mmea, si ya mlaji.

Udongo

Tembea kwa zigizaga, chukua vijisampuli 10 hadi 15 vya kina cha sentimita 0–20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, bakiza nusu kilo, anika kivulini. Ndoo ya bati ina zinki na rangi ya jembe inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo viweke mbali. Omba pia pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo.

Mboga

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Chuma mchicha kilo 1 kutoka matuta tofauti, uigawe mara mbili. Nusu ya kwanza iache ilivyo, ya pili ioshe kama unavyoosha ya kupika, maji mara tatu. Zipeleke kama sampuli mbili.

Iliyooshwa ikishuka sana, madini yalikuwa juu ya jani: vumbi la barabarani au tope lililoruka wakati wa kumwagilia. Risasi mara nyingi huja hivyo. Mwagilia shinani badala ya kurusha maji juu ya majani, tandaza nyasi kavu kati ya mistari, na osha vizuri. Zikilingana, madini yameingia kwa mizizi, na hiyo ndiyo tabia ya kadimiamu. Hapo kuosha hakusaidii, na kuchemsha hakuui madini kama kunavyoua vijidudu.

Kisha soma majibu kwa makini. Maabara nyingi huandika kwa uzito mkavu, ilhali kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa mboga za majani (risasi 0.3, kadimiamu 0.2 mg/kg) ni cha mboga mbichi. Tuseme gramu 500 za mchicha zimekauka zikabaki 50, na kadimiamu imeandikwa 1.5. Zidisha 1.5 kwa 50, gawa kwa 500, unapata 0.15. Mboga hiyo haijavuka kikomo, ingawa aliyeiona 1.5 angeng'oa bustani nzima. Ingeandikwa 2.5, ingekuwa 0.25, na hiyo imevuka. Waulize maabara kabla hujalipa: mkavu au mbichi?

Kadimiamu ikiwa ndani ya jani

Angalia pH kwanza. Udongo wenye asidi huiachia kadimiamu, mizizi ikainywa. Lenga 6.5 hadi 7. Kwa udongo wa kichanga wa pwani anza na gramu 100 za chokaa ya kilimo kwa mita moja ya mraba, changanya hadi sentimita 20, pima tena baada ya miezi mitatu. Ukizidisha, majani yanageuka manjano kwa kukosa madini ya chuma. Ongeza kilo 3 hadi 5 za mboji kwa mita ya mraba, ila isiwe mboji ya dampo, maana betri na mabati huozea humo humo. Maji yenye chumvi nayo huongeza kadimiamu inayopanda kwenye mmea, jambo la kukumbukwa na walio karibu na mdomo wa mto.

Wakati huo badilisha zao. Acha mchicha, spinachi, chainizi na karoti. Panda bamia, nyanya au mahindi, kwa sababu tunda na punje hupokea kidogo kuliko jani. Wengine hukimbilia kupanda majani ya kulisha ng'ombe, lakini hilo si suluhisho. Kadimiamu hujikusanya kwenye figo na maini ya mnyama, kisha hurudi sahanini.