Mstaafu wa kiraia na viwanja vya kambi vya jeshi la Marekani

Kama unajiuliza iwapo raia aliyestaafu serikali ya Marekani anaweza kupiga kambi ya mapumziko kwenye viwanja vilivyo ndani ya vituo vya jeshi, swali la kwanza ni ulistaafu wapi. Raia aliyestaafu Wizara ya Ulinzi kwa kawaida anaruhusiwa. Aliyestaafu posta au idara ya kodi, utumishi huo pekee haumpi haki. Nenda ofisi ya vitambulisho kituoni na fomu SF-50 (hati ya serikali ya kumbukumbu za utumishi) inayoonyesha umestaafu, pamoja na vitambulisho viwili, upewe kadi ya mstaafu wa kiraia. Wengi hukwamia hapo: wanafika na gari lao la kulala la kupigia kambi wakiwa na barua ya pensheni tu.

Piga simu kabla ya kulipa, maana mkuu wa kituo anaweza kubana masharti. Uliza pia bei ya kundi lako, yaani wastaafu wa kiraia. Wanajeshi hutangulia kupata nafasi, hasa majira ya joto.