SOMO: Tumbawe linadhoofika kwenye tangi la maji chumvi, anza kuangalia hapa kabla hujamimina chochote

Wakuu habari zenu. Nimeandika hili sababu kila mtu akiuliza "tumbawe langu linakufa niweke nini" majibu yanakuja kama mvua, huyu anasema badilisha maji nusu, yule ongeza kalsiamu, mwingine punguza taa, na mwenye tangi anafanya yote siku moja, basi tumbawe ambalo lingepona linaisha kabisa. Matumbawe yanavumilia vizuri zaidi namba iliyo mbaya kidogo kuliko mabadiliko ya ghafla. Kwa hiyo macho kwanza, halafu vipimo, mkono uingie majini mwisho.

HATUA YA 1: Angalia linaumwa vipi

Jiulize hivi kabla ya yote, ni moja tu au ni yote? Kama ni moja na matumbawe ya jirani ni mazima, shida iko pale lilipo, yaani mwanga, mkondo wa maji, wadudu au tumbawe jirani linalolichoma. Kama ni yote kwa pamoja, shida iko kwenye maji.

Halafu angalia nyama yake. Limepauka lakini nyama bado ipo na polipu (vile vidomo vidogo vyenye mikono) zinatoka? Hilo liko hai. Ndani ya nyama wanaishi mwani wadogo sana wanaoitwa zooksantela, hao ndio wanalitengenezea chakula kwa mwanga, wakiondoka unauona mfupa mweupe kupitia nyama. Hapo shuku joto, taa kali, au maji yasiyo na virutubisho kabisa. Lakini kama nyama inabanduka na mfupa umebaki mtupu, hiyo ni habari nyingine. Ikibanduka polepole kuanzia chini mara nyingi ni alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi) inayopanda na kushuka, au wadudu, au chini hakufiki mwanga. Ikibanduka ndani ya saa chache usisubiri kipimo, kata ncha zilizo nzima, kata ndani ya sehemu yenye afya, zihamishie pengine, huo ndio mtaji utakaobaki nao. Kugeuka kahawia sio dharura, ni mwanga mdogo au virutubisho vingi.

HATUA YA 2: Chumvi

Watu wanairuka hii ndo maana naiweka mbele. Unataka 35 kwa elfu, sawa na uzito wa maji (SG) wa 1.026 hivi kwenye joto la nyuzi 25. Ila refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi) irekebishe kwa maji maalum ya kipimo yenye 35, sio kwa maji matupu peke yake, sababu inaweza kusoma sifuri vizuri na huku juu ikakudanganya. Chumvi ikikosewa basi kalsiamu, magnesiamu na alkaliniti zote zinakosewa nayo, utakuwa unatibu magonjwa matatu wakati ni moja. Na maji yakipungua kwa kukauka chumvi haiondoki, inabaki, kwa hiyo unajazia maji matamu yaliyochujwa, sio ya chumvi.

HATUA YA 3: Joto

Nyuzi 24 hadi 27. Pima kwa thermomita ya pili, usiamini ile ya kwenye hita peke yake, hita ikigoma kuzima inapika tangi zima usiku umelala.

HATUA YA 4: Alkaliniti

Hapa kaa sana. Kati ya 7 na 11 dKH (kizio cha kupimia alkaliniti) matumbawe yanaishi vizuri, tatizo ni kuyumba. Ukipima mara moja ukapata 8 hujajua kitu bado, pima kila siku saa ileile kwa siku kadhaa uone inakwenda wapi, maana leo 8, kesho 9.5, keshokutwa 7.5 ni tangi linaloumwa hata kama kila namba peke yake ni nzuri. Ukitaka kuipandisha usizidishe 1 kwa siku. Baada ya hapo ndio upime kalsiamu (400 mpaka 450 mg kwa lita) na magnesiamu (1250 mpaka 1400 mg kwa lita), hizi hazibadiliki haraka, na magnesiamu ikiwa chini utahangaika kushikilia hizo nyingine mbili.

HATUA YA 5: Naitreti na fosfeti

Sifuri sio sifa jamani. Tangi likiwa safi kupita kiasi matumbawe yanafifia, na dinoflajelata (ule uteute wa kahawia wenye vipovu) wanapata nafasi. Naitreti 2 hadi 10 na fosfeti 0.03 hadi 0.1 (mg kwa lita) zinatosha wengi wetu. Ukikuta fosfeti iko juu ishushe taratibu, kuivuta chini kwa siku moja kumeua matumbawe mengi.

HATUA YA 6: Kumbuka ulibadilisha nini

Taa mpya? Pampu umesogeza? Taa mpya za LED ianzishe chini, kama nusu ya nguvu, upandishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kagua pia sumaku za pampu na za kusafishia kioo, plastiki ikipasuka chuma kinaota kutu ndani ya maji. Na dawa ya samaki yenye shaba isiingie humo kabisa. Ukishuku sumu weka kaboni (mkaa wa kuchujia maji) mpya.

HATUA YA 7: Usiku na tochi nyekundu

Taa zikizima subiri saa moja hivi halafu mulika. Minyoo bapa wanaokula Acropora (aina ya tumbawe la matawi) wanaacha alama za mviringo na mayai chini ya shina, na kwenye Montipora (aina nyingine ya tumbawe) utaona vikonokono vyeupe visivyo na gamba pembeni pa sehemu iliyoliwa. Dawa ya kuchovya inawaangusha wakubwa lakini mayai hayafi, hivyo yakwangue na urudie kuchovya. Angalia pia mikono mirefu ya jirani, mengine yanainyoosha usiku tu yanachoma kila kilicho karibu.

MASWALI

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Vipimo vyangu viko poa ila tumbawe ngozi limejifunga siku ya nne na linang'aa kama limepakwa nta, linakufa?
Jibu: Hapana ndugu, linajivua. Liongezee mkondo kidogo utando utoke, usiliguseguse.

Swali: Euphyllia yangu (tumbawe lenye mikono minene) ina kitu cha kahawia kama mlenda na inanuka, nifanyeje?
Jibu: Hiyo ifanyie kazi leo leo dada. Zima pampu, nyonya ule mlenda wote kwa bomba la sindano usisambae, litoe, vichwa vilivyooza kata, vilivyobaki chovya kwenye dawa ya ayodini na uvitenge. Vaa glavu na miwani, na kama una zoantidi (jamaa wa matumbawe, laini, wanaoota kama vitufe) usizikate wala kuzichemsha bila kinga, baadhi zina sumu kali ya palitoksini.

Swali: Nikibadilisha maji mengi mara moja si ndo nasafisha kila kitu?
Jibu: Kama kuna sumu imeingia, ndiyo. Bila hivyo usifanye. Na kabla hujamimina pima alkaliniti ya maji mapya, chumvi nyingine ikichanganywa inatoa 11 au 12 wakati tangi lako liko 7.5, hapo umelipiga tumbawe mara ya pili.

Swali: Lililopauka linachukua muda gani kurudi?
Jibu: Wiki kadhaa hadi miezi. Lishushe kwenye mwanga mdogo, lilishe kidogo kama linakula, acha kulihamisha. Sehemu ambayo mfupa umeshaota mwani haifufuki, ila nyama ya pembeni ikiwa nzima inaweza kuja kuufunika.