Somo: Kupiga hesabu ya mauzo ya bendi kongwe ya roki bila kuyumbishwa na "milioni 300"

Juzi kijiweni nusura watu washikane mashati. Mmoja kashika simu anasoma kwamba Queen wameuza rekodi milioni 300. Mwenzake naye kafungua ukurasa mwingine, milioni 170. Kila mtu na ushahidi wake mkononi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: rekodi ni nini? Nikaahidi kuandika somo. Niseme mapema kwamba mimi ni mshabiki wa Queen tangu enzi za kaseti, kwa hiyo mkiona mahali nimeandika kwa uchungu, mtajua kwa nini.

Hatua ya 1: Uliza namba imehesabu nini

"Rekodi" kwenye matangazo ni gunia. Ndani mna albamu, singo zenye wimbo mmoja kila upande, nyimbo zilizopakuliwa, na siku hizi hata kusikilizwa mtandaoni. Mtu aliyenunua singo moja na aliyenunua albamu nzima wote wamehesabiwa kichwa kimoja. Kwa hiyo "milioni 300" na "milioni 170" zinaweza kuwa zinazungumzia magunia mawili tofauti.

Halafu kuna nakala zilizopelekwa madukani na nakala zilizonunuliwa. Si kitu kimoja, kwa sababu duka hurudisha mzigo usiotoka. Marekani, mauzo ya kaunta yalianza kuhesabiwa kwa mashine za SoundScan mwaka 1991 tu. Ya nyuma ya hapo tunategemea makaratasi ya kampuni na vyeti vya mauzo.

Hatua ya 2: Kusanya vyeti nchi kwa nchi

Hii ndiyo kazi yenyewe. Marekani, RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki, hutoa cheti cha dhahabu kwa nakala 500,000, platinamu kwa milioni 1, almasi kwa milioni 10. Uingereza, albamu hupata fedha kwa 60,000, dhahabu kwa 100,000 na platinamu kwa 300,000. Kwa hiyo platinamu moja ya Marekani ni zaidi ya tatu za Uingereza. Anayejumlisha idadi ya platinamu bila kuangalia nchi anajumlisha maembe na mbegu za maembe.

Na vizingiti vyenyewe huhama. Ujerumani, albamu iliyotoka miaka ya 1970 au 1980 ilihitaji nakala 250,000 kupata dhahabu. Zilizotoka kuanzia 2003 hadi 2023 zikatakiwa 100,000 tu. Ufaransa platinamu iliwahi kuwa 300,000, leo ni 100,000. Andika kizingiti kinachoihusu albamu ile, usiandike cha leo. Wengi huharibu hapa, na huharibu kwa kumpunja mkongwe.

Hatua ya 3: Chunga albamu za santuri mbili

Mtego niupendao. RIAA huhesabu kila santuri kwenye seti ya santuri mbili. *The Wall* ya Pink Floyd ina platinamu 23 Marekani, na *The Dark Side of the Moon* ya bendi hiyohiyo ina 15. Ukisoma harakaharaka utasema *The Wall* imeuza zaidi. Sasa gawanya kwa mbili: seti milioni 11.5, dhidi ya milioni 15. Mshindi kageuka. *Physical Graffiti* ya Led Zeppelin nayo ina 16, yaani seti milioni 8. Albamu nyeupe ya Beatles ina 24, yaani seti milioni 12.

Hatua ya 4: Soma tarehe ya cheti

Cheti hakijiandiki. Kampuni lazima iombe, ilipie, ikaguliwe. Mkusanyiko wa nyimbo za bendi ya Eagles za 1971-1975 ulikuwa na platinamu 29 mwaka 2006, ukakaa hapo kimya, kisha Agosti 2018 ukaruka hadi 38. Si kwamba Wamarekani milioni 9 waliamka asubuhi moja wakakimbilia dukani. Hesabu ya miaka 12 ililetwa kwa mkupuo, pamoja na usikilizaji wa mtandaoni. Na ile *Dark Side* niliyoitaja? Platinamu zake 15 ni za mwaka 1998. Kwa hiyo cheti kichukulie kama sakafu: mauzo hayako chini ya hapo, lakini paa liko wapi, hakisemi.

Hatua ya 5: Mtandao upe safu yake

Tangu 2016 RIAA huchukulia kusikilizwa mara 1,500, au nyimbo 10 zilizopakuliwa, kuwa sawa na albamu moja. Hakuna ubaya, ila usichanganye na mauzo ya zamani. *Greatest Hits* ya Queen ya 1981 ilifika milioni 6 Uingereza mwaka 2014, kabla usikilizaji haujaanza kuingizwa kwenye chati ya albamu. Mwaka 2022 ikatangazwa kuwa ya kwanza kufika milioni 7. Ile milioni ya mwisho ina watu waliobonyeza simu tu. Mimi huiweka kwenye safu ya pembeni.

Hatua ya 6: Andika kima cha chini na cha juu

Jumla ya vyeti ni kima cha chini. Kwa nchi zisizo na vyeti vya kuaminika, weka makadirio ya kiasi, na uandike kwamba ni makadirio. Usiweke namba moja tupu. Anayekuletea namba moja hadi tarakimu ya mwisho kwa bendi iliyoanza 1970, mwombe akuonyeshe daftari lake.

Mfano: Queen na Led Zeppelin

Hapa ndipo pananiuma. Chukua albamu za studio, Marekani, vyeti vya RIAA, basi. Albamu ya nne ya Zeppelin, ya 1971, ina platinamu 24, na ni santuri moja, hakuna cha kugawa. Queen wanaofika juu kabisa upande huo ni *News of the World* na *The Game*, platinamu 4 kila moja. Hata ukisema cheti ni sakafu, pengo la milioni 20 halizibwi na sakafu.

Geuza sasa uangalie singo za Uingereza. Zeppelin hawakutoa singo huko wakati bendi ikiwa hai. Walitaka watu wanunue albamu nzima. Queen walikaa namba moja wiki 9 na "Bohemian Rhapsody" kuanzia Novemba 1975, kisha wimbo uleule ukarudi namba moja kwa wiki 5 baada ya mwimbaji wao, Freddie Mercury, kufariki Novemba 1991. Ongeza mkusanyiko ule wa *Greatest Hits* wa milioni 7. Kwa hiyo swali "nani kauza zaidi" halina maana mpaka useme wapi na kitu gani. Mwenye milioni 300 kazichanganya singo na albamu, akaona gunia limejaa.

Maswali ya wanachama

Kipanga wa Pasua: Mkuu, Eagles milioni 38 Marekani, Queen milioni 7 Uingereza. Si wamepigwa chini kabisa hawa jamaa zako?

Angalia idadi ya watu, kaka. Milioni 38 kwenye nchi ya watu kama milioni 327 ni takriban moja kwa kila watu tisa. Milioni 7 kwenye nchi ya watu kama milioni 67 ni moja kwa kila watu kumi hivi. Wako bega kwa bega.

MamaKanda: Shikamoo mwalimu. *Greatest Hits* ya Queen ya Marekani ni ileile ya Uingereza?

Marahaba. Hapana, na swali lako ni zuri kuliko somo langu. Marekani ilitoka ya 1981 yenye orodha yake, ndani mna "Under Pressure". Mwaka 1992, lebo ikiwa imeshabadilika, ikatoka nyingine yenye jina hilohilo, tena bila "Bohemian Rhapsody", maana wimbo huo uliwekwa kwenye *Classic Queen*. Kisha kuna *The Platinum Collection*, inayokusanya juzuu tatu za *Greatest Hits* kwenye boksi moja. Kila moja ipe mstari wake, usije ukahesabu boksi kama boksi, kisha ukazihesabu tena juzuu zake.

Dogo Fundi Simu: Video ya "Bohemian Rhapsody" ilipita mara bilioni 1 YouTube mwaka 2019. Hiyo si inamaliza ubishi?

Gawanya bilioni 1 kwa 1,500. Unapata albamu kama 667,000. Haifiki hata platinamu moja ya Marekani, na hapo nimekuhesabia dunia nzima, wakati RIAA huhesabu za Marekani peke yake.

Kipanga wa Pasua: Na albamu za Freddie mwenyewe?

*Mr. Bad Guy* ya 1985 na *Barcelona* ya 1988 aliyoimba na Montserrat Caballé ni zake, si za bendi. Zitoe.

Binti Kikwajuni: Kaka, Freddie kazaliwa hapa kwetu Unguja mwaka 1946. Kaseti zilizouzwa huku zimo kwenye hesabu?

Dada yangu, hazimo. Zile tulizonunua karibu zote zilikuwa za kudurufu, na hakuna chama kilichokuwa kikihesabu. Ya kwangu ya *Greatest Hits* ilirekodiwa na muuzaji kwenye mkanda mfupi, ukaisha katikati ya "We Are the Champions". Kwa miaka sita nilidhani ndivyo wimbo unavyomalizika.