Kurekodi ndege zikitua na kuruka kwa lensi ndefu (soma kabla hujaituhumu lensi yako)

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "mbona klipu zangu za ndege zinachezacheza, lensi yangu mbovu nini?" Juzi nimekaa na jamaa mmoja tukapitia kila kitu toka mwanzo, nikaona bora niyaandike yote sehemu moja nipumzike. Mambo ya kuchaji betri na kufomati memori kadi siyagusi, hayo unayajua.

Hatua ya 1: Ruhusa

Inategemea na nchi. Kuna kwingine kurekodi uwanja wa ndege ni kosa hata kama umesimama nje ya uzio, na kwingine wamewawekea watu hadi jukwaa la kutazamia. Uliza kwanza. Droni iache nyumbani, hiyo hata hatujadili.

Hatua ya 2: Jua upepo unatoka wapi

Ndege inatua na kuruka ikiukabili upepo, kwa hiyo upepo ndo unaamua usimame upande gani. Ile namba iliyochorwa mwanzo wa njia ya kurukia ni uelekeo wa dira ukiondoa sifuri ya mwisho: 27 maana yake rubani anaelekea digrii 270, yaani magharibi, na ncha ya pili ya njia hiyohiyo ni 09. Fungua METAR ya uwanja huo kwenye simu, yaani ile ripoti fupi ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege. Ukikuta 26012KT, upepo unatoka digrii 260 kwa kasi ya noti 12 (hiyo KT), basi zitatua 27, yaani utaziona zikija kutokea mashariki. Flightradar24, ile app ya kufuatilia ndege, itakuonyesha nani anakuja, ila usiitegemee kwa sekunde maana huwa inachelewa kidogo, tumia macho, zile taa ndege inazowasha ikija kutua zinaonekana mbali sana.

Ndege nyingi zinashuka kwa pembe ya digrii 3, ni kama futi 300 kwa kila maili moja ya baharini. Ukisimama karibu kilomita 2 kabla ya njia kuanza itapita juu yako mita 100 na ushee. Ukitaka ule moshi wa matairi usilenge mwanzo wa njia, matairi hayagusi pale. Tafuta ile mistari miwili minene myeupe, kwenye njia ndefu iko mita 400 hivi ndani, lenga hapo na mbele yake kidogo.

Jua liwe mgongoni.

Hatua ya 3: Joto (hapa ndo pana kazi)

Lami inapigwa na jua, hewa iliyo juu yake inapata moto, inapanda, inachanganyika na hewa ya baridi, na mwanga unaopita humo unapinda kila saa kivyake. Sasa wewe uko kilomita moja unachungulia kupitia hewa yote hiyo, ndege lazima ionekane kama iko chini ya maji. Kuzumu zaidi hakusaidii, unakuza ndege na unakuza mawimbi ya joto pamoja. Kubana apacha (lile tundu la lensi linalopitisha mwanga) hakusaidii. Kuongeza makali kwenye editi ndo kunaharibu kabisa.

Kabla hujaenda kwa fundi fanya hivi: funga kamera kwenye tripodi, rekodi kitu kisichotembea kilicho umbali uleule, mfano kibao cha pembeni mwa njia, halafu kitazame kwenye skrini kubwa. Kingo za kibao zikinyumbuka kila moja kivyake, hiyo ni hewa. Fremu nzima ikitikisika pamoja, ni tripodi au upepo. Kibao kikiwa safi lakini ndege ina ukungu, hapo ndo uanze kuongelea fokasi. Yule jamaa kibao chake kilikuwa kinanyumbuka, lensi nzima kabisa.

Dawa yake kwanza ni muda. Alfajiri jua likichomoza tu, au siku ya mawingu mazito. Jioni mwanga ni mzuri lakini lami bado imeshika joto la mchana, kwa hiyo usidhani ni sawa na asubuhi. Pili ni umbali, na hapa wengi hawataki kusikia: mtu mwenye lensi ya milimita 300 aliyesogea karibu atakupiga bao wewe mwenye 600 uliyekaa mbali. Zile kamera kama Nikon P1000 zinazofika milimita 3000 ni tamu kwa mwezi, ila kwa ndege iliyo chini mchana wa jua kali, mi naona ni kununua njia ndefu ya kurekodi joto. Tatu panda juu, kilima au ghorofa, usichungulie sambamba na lami. Ndege iliyo angani ni rahisi zaidi, kwa hiyo mchana rekodi zinazokuja kutua, za chini ziachie asubuhi.

Halafu kuna joto la karibu yako ambalo watu hawalioni. Usirekodi juu ya boneti au paa la gari, usirekodi ukiwa ndani ya gari lenye AC dirisha likiwa wazi, hewa mbili zinakutana palepale mbele ya lensi. Simama kwenye nyasi, si kwenye lami. Na usipitishe picha kwenye moshi wa injini ya ndege nyingine, subiri ipite.

Ikishindikana kabisa, tumia joto lenyewe: ndege inayokuja uso kwa uso ikiyeyuka juu ya lami inapendeza, ila usitegemee kusoma namba ya usajili.

Hatua ya 4: Tripodi

Kichwa cha video chenye mafuta ndani, basi. Vile vya tufe (ball head) ni vya picha za mnato, vitakuruka. Sawazisha kwa kile kipovu cha pimamaji la sivyo ukizungusha upeo wa macho unalala. Miguu yako ielekee pale ndege itakapokuwa mwisho wa shoti, kisha geuza kiuno kwenda kuipokea, hivyo mwili unajikunjua badala ya kujikunja.

Hatua ya 5: Setingi

Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde, ukirekodi 50 weka 1/100. Mchana itakuwa nyeupe pe, kwa hiyo vaa filta ya ND, ni miwani ya jua ya lensi. Kwa ndege za pangaboi kama ATR 72 hili si la hiari: ukiweka 1/1000 mapanga yanaganda kama injini imezimika angani.

Mwanga weka manuali, tena pimia mwili mweupe wa ndege. Ukiacha otomatiki, ndege ikitoka kwenye anga ikaingia kwenye miti picha inapanda na kushuka. Waiti balansi (mizani ya rangi) nayo ifunge.

Fokasi endelevu, na swichi ya kikomo cha umbali iwe kwenye mbali isijeshika uzio. Ukilazimika kupita kwenye waya, gusisha lensi karibu kabisa na waya na ufungue apacha hadi mwisho, waya unapotea.

Hatua ya 6: Sauti

Maiki ya nje yenye manyoya, levo manuali, chini kuliko unavyodhani, maana ukiacha levo otomatiki, ndege ikifungua injini sauti inapasuka. Na masikio yako vaa kinga.

Hatua ya 7: Bonyeza mapema

Anza kurekodi ndege ikiwa bado nukta, usizumu katikati ya shoti, na ikishapita iache itoke yenyewe kwenye fremu. Ukirekodi 4K ukatoa 1080 una nafasi ya kukata na kunyoosha kwenye editi, sana tu.