Pima betri ikiwa kazini

Kabla ya kuunganisha betri nne kubwa za tochi kwa mfululizo ili kupata volti 6 za kuendeshea redio, pima kila moja kwa mita huku ikiwasha balbu ndogo ya tochi kwa sekunde kumi hivi. Betri iliyochoka huweza kuonyesha volti 1.4 ikiwa haina mzigo, yaani haiendeshi kitu chochote, kwa sababu mita haivuti umeme wa kutosha kuufichua udhaifu wake, lakini balbu ikiwaka utaiona ikishuka chini ya 1.1. Hiyo itoe, hata kama nyingine tatu ni mpya kabisa, kwani zenye nguvu zitaendelea kusukuma umeme kupitia ile dhaifu mpaka chanya na hasi zake zigeuke, ianze kuvuja na kula vibati vya kishikio. Nimewahi kukuta ukungu wa kijani umevila vyote. Kipimo hiki hakitoshi kwa betri za kuchajiwa za volti 1.2, ambazo hushikilia volti karibu ileile hadi zinapokaribia kwisha. Hizo zichaji zote kwa pamoja kwanza, kisha tumia tano badala ya nne.